Mkono wa Mjukuu Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, mikono yenu si mali ya timu.

Mjukuu wangu wa kike hurusha mpira wa besiboli shuleni kwao hapa Kitengela. Kila mechi alirusha yeye, mpaka asubuhi moja akashindwa kuchana nywele. Nikaenda kwa kocha. Akanionyesha kwa simu kijana wa sekondari huko Japani, anarusha siku baada ya siku, uwanja mzima unalia.

"Kokoo, huyo ni shujaa," akasema, akiniita nyanya kwa Kimaasai.

"Wanalia kwa sababu anaumia. Punda wangu akibeba maji leo, kesho anakula nyasi tu. Wewe uko na punda mmoja?"

Alicheka, lakini alinisikia. Jumamosi alimpa mpira msichana mwingine. Walishindwa, ila kidogo tu, na kocha akafurahi kwamba sasa ako na warushaji wawili.

Jioni hiyo nikamkuta mjukuu wangu akivuta mtungi wa maji kwa mkono uleule, kaka zake wameketi na simu. Nikawaambia, "Mpaka huo mkono upone, maji mtachota nyinyi, nguo zake mtafua nyinyi, na nywele mtamchana nyinyi."