Mlango Wetu Kwenye Shuka Nyeupe

Wenzangu tuliokulia Garissa miaka ya vita vya shifta, hebu tukumbushane kidogo, maana tunazidi kupungua. Mnakumbuka anjera ya asubuhi, mkate wetu mwembamba, imeloa samli hadi inachuruzika viwikoni? Na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa, ambayo Hooyo, mama yangu, aliificha juu ya kabati, nasi tukaidokoa kipande kimoja kimoja mpaka chombo kikabaki na mafuta matupu? Tulichezea mifupa ya mbuzi. Mfupa mrefu ulikuwa ngamia dume, mfupi ndama, na mwenye mifupa mingi alikuwa tajiri, basi alituringia sote. Wajukuu wangu hukaa sebuleni kila mmoja na simu yake, wanatumiana ujumbe kutoka kiti hadi kiti, halafu wananiambia wamechoka.

Lakini nikisema ukweli, ninachokumbuka zaidi ni hofu. Askari waliowasaka shifta, wale waasi waliotaka kujitenga na Kenya, walikuwa kila kona, kafyu ilianza jua likizama, na mtoto aliyechelewa mtoni alichapwa kwanza ndipo akaulizwa alikuwa wapi. Lori likipunguza mwendo karibu na nyumba yetu, Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, aliacha kusokota kamba mpaka lipite. Baba alikwisha kufariki. Tulikuwa wanne tu: Ayeeyo, Hooyo, mimi na kaka yangu Dahir, kijana wa miaka kumi na minane.

Mjini palikuwa na mpiga picha mmoja kutoka pwani, jina lake Salim, ndiye aliyewapiga watu picha za vipande, yaani vitambulisho. Siku moja akapata kamera ndogo ya sinema, ya kukazwa kwa mkono kama saa, isiyonasa sauti. Basi hakulala tena. Alizunguka mji mzima akimuuliza kila mtu swali moja: "Wewe ni nani?" Wakati ule hilo lilikuwa swali la askari, na watu walitazama viatu vyao kabla ya kujibu. Yeye aliuliza akitabasamu, na majibu akayaandika daftarini. Mkulima wa Kipokomo alimwonyesha migomba yake na mto. Karani kutoka bara alitaja shule aliyosomea. Sisi Wasomali tulijibu kama tulivyofunzwa tangu tujue kusema: jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka pumzi ikuishie. Dahir na mimi tulisimama mlangoni tukawahesabu mababu kwa vidole. Yeye akamruka mmoja, Hooyo akamvuta sikio huku akicheka, na kamera ikaendelea kuzunguka.

"Nataka siku moja hawa wote wakae chumba kimoja watazamane," Salim alisema.

Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa, ikakaa miezi. Katika miezi hiyo Dahir aliondoka. Alituambia anapeleka ngamia Sangailu. Ngamia walirudi na mchungaji mwingine, nasi tukaelewa kwamba ameingia msituni kwa shifta. Ofisa wa polisi alipopita kuuliza vijana wa kila nyumba, Hooyo alimtazama usoni akasema, "Afande, mimi hana mtoto mwanaume. Iko huyu msichana tu." Ofisa akaandika, akaenda zake. Hooyo alikaa chini palepale mlangoni, na siku hiyo hatukupika.

Kisha filamu ikarudi. Ilipitia ofisini kwa yuleyule ofisa, naye akaizuia. Akatangaza kwamba itaonyeshwa shuleni alasiri, kabla ya kafyu, na wote waliopigwa picha wafike. Salim hakuruhusiwa hata kuigusa kabla ya siku hiyo. Ndani yake alikuwamo Hooyo, amemshika sikio mtoto ambaye alisema hana. Nyumba iliyokutwa na uongo kama huo ilinyang'anywa mifugo, na mwenyewe alipandishwa lori. Na kutokwenda kungekuwa kukiri. Wiki nzima nilikojoa kitandani, msichana wa miaka tisa, na hakuna aliyenicheka.

Darasani madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya polisi, na shuka nyeupe ikatundikwa juu ya ubao. Ofisa alikaa mbele. Ayeeyo alichagua kukaa katikati, mbele kidogo ya mashine ya kuonyeshea filamu, nikadhani ni kwa sababu ya macho yake mabovu. Salim alisimama kando ya shuka akisoma majibu daftarini. Mkulima alipoonekana akiipapasa migomba yake kama watoto wake, chumba kizima kilicheka, hata ofisa. Kwa dakika chache tulikuwa watu wa mji mmoja, na hilo nalo nalikumbuka.

Halafu nikauona mlango wetu.

Ayeeyo akainuka. Kivuli chake kikaijaza shuka yote.

"Mama, kaa chini!" ofisa akafoka.

"Sala imefika," Ayeeyo akasema, akiinama taratibu kutafuta viatu vyake. "Sala haingoji bicha, afande."

Wanawake wengine wakainuka nyuma yake mmoja mmoja, mitandio yao ikiziba mwanga. Salim hakuinua macho daftarini. "Huyu ni msichana mdogo," akasoma, "anawataja mababu zake." Alinitaja mimi peke yangu. Vivuli vilipoondoka, kwenye shuka alikuwepo muuza chai.

Tulikuwa tumefika uani wakati adhana ya alasiri ilipotolewa. Ayeeyo alikuwa ameitangulia. Alifunga siku tatu, kwa kuitumia sala kusema uongo.

Siku ya nne Salim, akiwa amerudishiwa filamu yake, alituletea kipande alichokikata, urefu wa mkono. "Mama, hiki ni chako," akamwambia Hooyo. "Kukiweka ni hatari. Amua wewe."

Hooyo alikiinua juani. Dahir alikuwamo humo, mdogo kama ukucha, tena na tena. Nikasogea nione.

"Usitazame," Hooyo akasema. "Wakikuuliza, uwe hukuona."

Nikageukia ukuta. Nilinusa tu filamu ikiungua.

Dahir hakurudi. Hatukupata kaburi wala habari, na picha yake haipo popote. Sura yake imenitoka. Limebaki lile sikio lililovutwa.

Siku hizi vijana wa hapa Garissa wanatengeneza filamu zao wenyewe kwa simu. Wanauliza swali lilelile la Salim, na watu wanajibu kwa Sheng bila kutazama viatu. Juzi mjukuu wangu alinielekezea simu: "Ayeeyo, wewe ni nani?" Nikawataja mababu wote bila kuruka hata mmoja, kisha nikasema kwa sauti, "Na nilikuwa na kaka." Ilikuwa mara ya kwanza.

Watoto hawa ukiwaambia wasitazame, wanatazama mara mbili. Kila siku nawagombeza kwa kukosa adabu. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu, kila mtu alinisifu. Laiti ningekosa adabu siku ile, mara moja tu.