Inchi Nne Juu ya Goti la Mama

Sauti ya kwanza ilitoka chini ya miguu yangu: mkwaruzo mrefu, mkavu, kama sufuria kubwa inayoburutwa sakafuni na mtu mwenye kinyongo. Nilikanyaga breki katikati ya njia inayoshuka kutoka kwetu hadi barabara ya lami iendayo Nyamira. Mama, aliyekuwa ameketi kando yangu na mkoba wake wa kanisani mapajani, hata hakugeuka.

"Ni tumbo la gari," alisema. "Limekwaruza tangu baba yako akiwa hai. Endesha."

Sikuweza kuendesha kwa amani. Muda mfupi kabla ya hapo, jopo la maprofesa lilikuwa limenirudishia tasnifu yangu ya uzamili, likisema kwa upole uliouma kuliko matusi kwamba nilikuwa nimejenga hoja nzuri juu ya jambo ambalo sikulipima. Nilikuja nyumbani kutuliza akili, lakini akili haikutulia. Mlango ukibamizwa nilishtuka. Kuku akiruka kutoka kwenye ua nilishtuka. Sasa pikapu kuukuu aliyotuachia marehemu baba ilikuwa ikikwaruza tumbo, nami ndiye niliyekuwa dereva.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Magoti ya mama yalikuwa yamekataa kukunjika. Teksi ndogo ilimzamisha asiweze kutoka, na pikipiki hata hatukuijadili. Pikapu ndiyo iliyomfikisha Kisii, kwa daktari wa magoti ambaye huja mara moja kwa mwezi na kuondoka siku hiyohiyo alasiri. Bomba la moshi likikatika njiani, au sampu ya injini ikitobolewa na jiwe na kumwaga oili yote, mama angekaa mwezi mzima mwingine akishuka kitandani kwa kujishikilia ukutani. Kwa hiyo niliamua kuliinua gari.

Safari hii nilipima. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikapima tuta la udongo katikati ya njia, nikipiga magoti matopeni mahali mbalimbali ili nipate wastani. Nililala chini ya gari nikapima bomba, sampu na ekseli. Nilizingatia uzito wa ndizi, uzito wa majani chai, mvua na ukame. Wachuma chai waliokuwa wakipita waliniamkia kwa heshima, kisha wakaharakisha.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alinielekeza kwa fundi wake huko Nyakoe. Fundi alisikiliza maelezo yangu yote huku akila muhogo.

"Kuna njia mbili," alisema. "Kuna vifaa vipya vya kutoka Nairobi, vya watu wenye pesa. Na kuna yetu. Nyuma, naweka tofali la chuma kati ya springi na ekseli, nafunga na bolti ndefu. Mbele, nakaza vile vyuma vya kujisokota mpaka pua inyanyuke. Unataka ngapi?"

"Inchi mbili," nilisema. Hesabu zangu zilinipa moja na robo tatu.

"Mbili nitakata chuma upya. Lakini ziko za nne hapa, tayari. Zilikatwa za mtu wa Ogembo, akaghairi."

"Kwa nini alighairi?"

"Sikumuuliza, madam. Hakuna gari limewahi kulalamika kwamba ni refu."

Bajeti yangu ilikuwa bajeti ya mwanafunzi, na matofali yaliyokataliwa yalikuwa rahisi kuliko ya kukatwa upya. Nilijiambia kwamba inchi mbili za ziada ni tahadhari, na tahadhari ni tabia ya mtafiti makini. Jioni nilipanda njia ya kwetu bila mkwaruzo hata mmoja. Nilisimamisha gari juu kabisa, nikazima injini ili niusikilize ukimya ule.

Siku ya kliniki, shemeji alifika mapema kutusaidia kupakia ndizi za kuuza mjini. Ni mtu mpana, mbebaji wa magunia, mwenye mikono ya kuinua ng'ombe. Mama alitoka na kitambaa kichwani na mkoba mkononi. Akafungua mlango wa gari, akasimama.

Lazima nieleze alivyokuwa akipanda. Alikuwa akiligeuzia gari mgongo, anaketi ukingoni mwa kiti kama anavyoketi kitandani, kisha anazungusha miguu ndani. Zamani kiti kile kililingana na nyonga yake. Sasa kililingana na mbavu.

"Umelifanya nini gari la baba yako?" aliuliza.

"Nimeliinua, mama. Lisikwaruze."

"Halitakwaruza. Nami nitakuwa hapa nikilitazama lisivyokwaruza."

Tulileta kigoda cha kukamulia. Kikazama matopeni upande mmoja. Nililisogeza gari kwenye ukingo wa mteremko ili ardhi imwinue. Mlango ukagonga ukingo, haukufunguka. Nikapendekeza nyuma, palipo na ndizi.

"Mimi si ndizi," alisema mama.

Tukarudi kwenye kigoda, safari hii juu ya ubao. Mama alishika mlango, akainua mguu mmoja. Kilichohitajika kilikuwa msukumo mmoja tu kutoka nyuma. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote za kisomi. Akapanda kidogo, akabaki hewani, akateremka polepole kwenye kifua changu.

Mikono iliyoweza kazi ile ilikuwa hatua chache kutoka hapo, lakini ilikuwa mikono ya mkwe. Kwetu kuna chinsoni, heshima inayotenga mkwe na mama mkwe: hawashikani hata mikono, sembuse kusukumana pale nilipokuwa nikisukuma mimi. Shemeji alikuwa ameligeukia shamba la chai na kulitazama kwa makini, kana kwamba anakusudia kulinunua.

"Mwambie mkwe wangu asione vibaya," mama aliniambia.

"Shemeji, mama anasema usione vibaya."

"Mwambie mama sioni kitu," alijibu bila kugeuka. "Mwambie pia saa inakwenda."

"Anasema saa inakwenda."

"Nimemsikia. Mimi ni mgonjwa wa magoti, si wa masikio."

Mama akaketi kwenye kigoda, mkoba mapajani, akaanza kuyasugua magoti yake taratibu. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu. Nilikuwa nimepima tuta, jiwe, bomba na majani chai. Yeye, ambaye gari lilikuwa lake kuliko la mtu mwingine yeyote, sikumpima. Nilitoa simu, nikaenda nyuma ya migomba, nikampigia fundi.

"Nataka ulishushe gari," nilisema. "Leo hii, kabla ya adhuhuri."

"Kwa kiasi gani, madam?"

"Kiasi cha mama."

"Basi mlete, nimpime na kiti."

"Siwezi kumleta," nilisema. "Hawezi kupanda."

Nilimsikia akimeza muhogo. Kisha akaanza kumwita mtu wa pikipiki amlete kwetu na spana zake.