Harambee ya Kubonyeza

Nilikuwa na blogu ya kilimo cha ndengu, na kwa miezi mingi haikunipa hata pesa ya bando. Mama aliponiuliza malipo yenyewe hutoka wapi, nilimjibu kwa ukali kwamba watu wakibonyeza yale matangazo, mimi nalipwa.

Sikujua angelipeleka jambo hilo kanisani. Hapa Kasikeu mtu akikwama, watu humchangia. Jumapili hiyo akina mama walikubaliana kwamba kila asubuhi, wakimaliza kukama ng'ombe, watafungua blogu yangu na kubonyeza matangazo yote.

Wiki ya pili kampuni ya matangazo ilifunga akaunti yangu. Barua pepe yao ilisema wanaobonyeza ni watu walewale kila siku, kwa hivyo mimi ni mdanganyifu. Mama aliponieleza mpango wao, nilichemka, nikaenda kanisani na maneno makali mdomoni.

Mlangoni nyanya mmoja, jirani yetu, alinishika mkono.

"Mjukuu wangu, nisamehe. Jana bando ziliisha kabla sijamaliza. Lakini nimeuza mayai, leo nitabonyeza mara mbili."



"Asante, nyanya," nikasema. "Mmeshanisaidia vya kutosha."