Kikao cha Kukunja Mashuka

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida walikunja shuka. Mke alishika pindo za huku, mume za kule, wakavuta, wakasogeleana. Huku mikono ikiwa kazini, mke alipapasa uvunguni kwa mguu, akitafuta viatu. Akauliza kama chai imebaki. Imebaki. Akainywa wima, akatoka. Mchana akaangukia kazini, na hakuamka.

Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hospitali. Zamani vikao vya pale vilikuwa vya kukalia mabenchi: mkubwa anaongea, wengine wanasinzia. Mpaka mashine ya kupiga pasi ilipomuunguza mkono mama mmoja waliyemwita Bubu kwa uchache wa maneno yake. Bubu alijua kinga ya mashine imelegea. Jana yake tu walikuwa wamekaa kikao kirefu, na hakuna aliyemuuliza kitu. Jioni ile mke alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu miguuni, hana hamu ya kula.

Kesho yake akatoa mabenchi nje. Kikao kikawa cha kukunja mashuka, wawili wawili, kapu katikati. Kapu likiisha, kikao kimeisha, hata kama mkubwa bado ana lake. Na wa kwanza kusema ni mwenye maneno machache. Dereva wa gari la nguo alilalamika kwamba yeye, kwa maneno aliyonayo, anahitaji kapu lake peke yake.

"Lako nitalijaza soksi, baba," mke akamjibu. "Zikunje mpaka ukome."

Kinga ilitengenezwa wiki ile ile.

Baada ya mazishi watoto walikaa sebuleni kumjadili baba yao. Nyumba ipangishwe, yeye ahamie kwa kaka mkubwa. Kaka aliongea, akarudia. Mke wa kaka akaleta habari za mzee wa jirani yao aliyeteleza bafuni. Kila mmoja alisema baba atachoka peke yake. Baba alikuwa amechoka tayari: na maneno, na kupokonywa kikombe kabla hajamaliza. Alitaka kubaki kwake. Lilikuwa neno dogo, likakosa pa kupenya.

Akainuka. Walidhani anakwenda kulala. Akarudi akiburuta kapu la mashuka waliyolalia wageni wa msiba, akamrushia binti yake pindo. Binti alidaka bila kuuliza. Wakavuta. Kaka bado alikuwa anaeleza habari za kodi.

"Kaka, ngoja kidogo," binti akasema. "Baba, sema wewe."

Mzee alilinganisha pindo kwanza.

"Nabaki hapa."

Kaka akaokota shuka, mkewe akashika upande wa pili. Kapu lilipoisha, ilikuwa imekubaliwa: baba anabaki, binti atakuwa anakuja kulala Jumamosi. Kaka alikumbuka jambo jingine. Dada yake akaligeuza kapu juu chini, akalikalia.

Walipoondoka, mzee alijilaza kitandani juu ya shuka mojawapo lililokunjwa, hakuwa na nguvu ya kulitandika. Akalisikia kichwani lile neno ambalo mkewe alimsimulia kwamba hufungulia kila kikao:

"Tuanze na asiyesema. Sisi wengine, hata tukinyamaza tutasikika."