Profesa Juu ya Lori

Aibu hii nimekaa nayo mwaka mzima nikijifanya nimeisahau, lakini kwa kuwa video yake bado inazunguka kwenye simu za watu, afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mimi ni dereva wa nyumba, Riyadh. Bosi wangu ana ghala la vipuri Al-Sulay, na kitu anachokipenda baada ya mama yake ni uwanja mmoja mkubwa wa mbio za magari kule Marekani, ambao hajawahi kuukanyaga. Nilipogundua hilo nikaanza kuusoma kwenye simu kila nikimngoja madam, mke wake, nje ya maduka, halafu asubuhi nikimpeleka bosi ghalani nampa kimoja kimoja: kwamba kona zake zimeinuka mpaka mtu akizipanda kwa miguu hushika chini kwa mikono, kwamba katikati kuna ziwa kwa sababu udongo wa kuinulia zile kona ulichimbwa hapo hapo, kwamba milango ya magari haifunguki na dereva huingilia dirishani, kwamba taa za mbele ni stika tu. Bosi alikuwa anajipiga paja kwa furaha. "Wallahi, Daudi, wewe ni profesa!" Madereva wenzangu wakasikia, jina likaniganda. (Kasoro ya uprofesa wangu ni kwamba madam hutoka dukani kabla ukurasa haujaisha, anagonga kioo, "Yalla, Daudi, yalla," nami nafunga simu.)

Na sikuwa nasoma bure. Binti yangu Neema nilimwacha na miezi minne, na mwaka ule alikuwa anamaliza chekechea, shuleni kwao wanavishwa joho na kofia kama watu wa chuo kikuu, na nilikuwa nimemwahidi kwa simu kwamba nitakaa mstari wa mbele. Kutoka nchini bila karatasi ya kafili, yaani mdhamini wako, haiwezekani, na kafili ndiye bosi. Akaniambia, "Tufike kwanza Jeddah kwenye harusi ya ndugu yangu. Harusi ikiisha, unasafiri. Halas."

Basi tukaondoka Riyadh alfajiri, bosi, madam, mama yake bosi ambaye sote tunamwita Haja, na nyuma masinia matatu ya chokoleti za harusi. Saa kadhaa baadaye binamu yake bosi akatupita na gari lake huku akipiga honi, bosi akanuna mpaka kituo cha mafuta, na pale, wao walipoingia ndani kuswali, mimi nikakumbuka kitu nilichosoma: kwamba kwenye ule uwanja mafundi huziba matundu ya mbele ya gari kwa selotepu, upepo usiingie, gari likimbie zaidi. Kwenye buti kulikuwa na selotepu nyeusi pana. Nikaziba. Nikaziba vizuri sana, kona zote, nikapapasa kwa kiganja.

Bosi aliporudi nikamwambia leo binamu atajuta.

Tulipoanza kupanda kuelekea Taif nilikuwa natazama mshale wa mwendo, ule wa joto nikausahau, mpaka madam akauliza kama moshi ule ni wetu. Ulikuwa wetu. Nikaegesha, bosi akafungua boneti kwa kitambaa, mvuke ukamvua kilemba, akaona selotepu, akanitazama. Nikamweleza habari ya uwanja.

"Mzunguko mmoja, Daudi," akasema. "Ile ni ya mzunguko mmoja, wa kupima nani aanze mbele. Halafu wanabandua."

Hapo ndipo madam alikuwa amegonga kioo siku niliyokuwa nausoma ukurasa huo.

Haja akasema nipewe maji, na nikaona bora angenitukana. Binamu akarudi (akicheka) akawachukua wote, na gari likapandishwa kwenye lori la kubeba magari, mimi nikaambiwa nikae ndani nishikilie masinia. Ndivyo nilivyoingia Jeddah, juu ya lori, nimefunga mkanda, sinia mapajani, mkono mmoja kwenye usukani kwa mazoea. Foleni ikatusimamisha mtaa wa Sharafiya, mbele kabisa ya hoteli wanakokula Wakenya wenzangu, na siku hiyo walikuwamo madereva wa Riyadh walioleta wageni wa harusi. "Profesa! Profesa! Punguza speed!" Mmoja akatoa simu. Mimi nikawapungia mkono, sijui kwa nini.

Injini ilikuwa imekufa. Bosi hakupiga kelele, alisema tu, "Gari likitoka gereji, na wewe utatoka." Likatoka baada ya wiki tatu. Neema alivishwa joho nikiwa nimekaa kwenye tairi kuukuu Jeddah, mama yake akanitumia picha, Neema anatazama pembeni, kwenye kiti kitupu. Niliumia, sitaficha, nililia mbele ya fundi na fundi akaendelea kufungua boliti.

Nilipofika nyumbani joho lilisharudishwa shuleni, na ile video ilikuwa imeshafika. Neema alisimama mlangoni, akanikagua usoni, akachungulia nyuma yangu mpaka barabarani.

"Lori limekuacha wapi?" akauliza.

Nikamwambia limerudi Jeddah. Nikarudi kazini Riyadh, na tangu hapo ukurasa nikiufungua naumaliza, na madam akigonga kioo namwinulia kidole kimoja: subiri.