Maziwa Yaliyopungua kwa Priscilla

Priscilla alianza kumshuku shemeji yake siku maziwa yaliposhuka kutoka lita saba hadi tano. Yalipofika nne, akawa hana shaka tena.

Alikuwa na mbuzi watano wa maziwa nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Kitengela. Miaka kumi na miwili ya kukata maua shambani ilikuwa imemwachia kifundo cha mkono kinachouma, kwa hiyo Simel, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuja kukamua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Siku hizi alikuja na chupa ya chai mkobani. Priscilla aliitazama chupa ile kila ikiingia na kila ikitoka.

Asubuhi moja alibeba kigoda, akaketi bandani.

"Takwenya," Simel akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," alijibu, bila kuondoa macho kwenye ndoo.

Simel alikamua mbuzi wote watano, kisha akainuka. "Shemeji, unachunga mbuzi ama unanichunga mimi?"

Priscilla alichukua ndoo. Alipima maziwa mwenyewe: lita nne, na hata tone halikupata nafasi ya kutoroka. Hilo lilimsumbua kuliko wizi, kwa sababu mwizi angalau angejua pa kumtafuta.

Simel alipoondoka, Priscilla alikagua hori. Mbuzi walikuwa wamechagua, wakaacha chini vipande vyekundu vyekundu. Chakula kile alikichagua yeye, wiki tatu nyuma, kwenye duka la Oscar, kwa sababu gunia lilikuwa na picha ya mbuzi mnene. Alitia konzi moja kwenye beseni la maji, akangoja. Pumba ikalainika kama uji. Vile vipande vikabaki vigumu, na alipovinusa vilinuka mbao mbichi. Akaligeuza gunia. Upande wa mdomo ambao hakuwa ameufumua ulikuwa umeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa bluu, juu ya matundu ya uzi wa kiwandani.

Alilipeleka dukani na beseni lake. Wateja wawili walikuwa ndani.

"Mama, hiyo nimeletewa hivyo hivyo," Oscar alisema.

"Basi tia mkono uonje."

Oscar alitazama beseni, akatazama wateja. "Nitakubadilishia. Chukua ingine."

"Hiyo ingine nani ameshona?"

Gunia la pili Priscilla hakulichukua.

Fadumo, aliyeuza mbuzi sokoni na kumjua Priscilla tangu zamani, alimwambia aachane na magunia ya picha. Awape nyasi kavu, maganda ya mgunga yenye mbegu, na pumba kidogo kutoka kwa mashine anayoiona ikisaga. "Na usibadilishe siku moja. Tumbo ya mbuzi haipendi haraka."

Maganda ambayo Fadumo alimtafutia yalipokuja kutoka Bisil, Priscilla alifungua kila gunia mbele ya Fadumo na kuchimba hadi chini akitafuta ukungu.

"Hata mimi?" Fadumo aliuliza.

"Hata wewe."

Fadumo alicheka, akamsaidia kumwaga la mwisho.

Ilichukua karibu mwezi. Maziwa yakapanda hadi lita tano, kisha sita na nusu, yakasimama hapo. Asubuhi moja Priscilla alimpelekea Simel kikombe cha maziwa ya moto bandani.

"Ilikuwa chakula," alisema. "Kulikuwa na vipande vya mbao."

"Nilisikia."

"Mimi nilifikiria kitu kingine."

"Hiyo pia nilijua." Akanywa yote, akamrudishia kikombe.

Lakini tangu hapo Simel hakuacha tena ndoo jikoni na kwenda zake. Humwita Priscilla mlangoni, humimina maziwa kwenye kipimo akiwa amesimama pale, na husubiri aseme ni lita ngapi. Priscilla amemwambia mara nyingi kwamba haina haja.

"Angalia tu, shemeji," Simel humjibu.

Naye huangalia.