Jina la Baba Mkwe Kwenye Mashine

Kwetu Rungwe mkamwana hataji jina la baba mkwe wake. Siku hizi mabinti wengi wanalitaja tu, lakini mimi nililelewa Masukulu na mama aliyekuwa akizunguka maneno maisha yake yote ili asigongane na jina la baba wa mume wake. Nilipoolewa hapa Tukuyu nikawa kama yeye. Mzee alifariki, nikaendelea kutolitaja. Hata hapa siliandiki.

Mume wangu alikuwa anapiga video za harusi na misiba. Kazi zake alizihifadhi kwenye mashine ya diski iliyokaa juu ya kabati, haina kioo wala kibodi, ina waya wa umeme na waya mmoja unaokwenda kwenye ruta ya intaneti. Mashine hiyo aliipa jina la baba yake. Alipokumbuka kwamba nitakwama, alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniwekea kwenye kompyuta picha ya jani la mgomba. Nikilibonyeza jani, mashine inafunguka. Jina linatumika huko ndani kwa ndani bila mimi kuligusa.

Alipozidiwa na ugonjwa aliniomba niweke kamera mbele ya kitanda, nitoke, nifunge mlango. Alitaka kuongea na mama yake. Mama alikuwa Kisondela, amevunjika mguu, na mvua zile hata bodaboda zilikuwa zinashindwa kufika nyumbani kwake. Hakuja kumwona mwanawe mgonjwa. Hakuja kumzika. Rekodi ile mume wangu aliniagiza asiisikie mtu mwingine kabla ya mama. Niliihamishia kwenye mashine, nikaifuta kwenye kamera kama alivyotaka, na sikuisikiliza.

Mama alipoweza kutembea alikuja. Alinieleza kinachomsumbua kabla hata hajanywa chai. Watu wa kijijini walikuwa wamemwambia kwamba mwanawe alikufa akimngoja. Alitaka kusikia mwenyewe kama ni kweli.

Nikawasha kompyuta, nikabonyeza jani. Halikufungua kitu. Ikatokea sentensi ya kusema mashine haipatikani, na katikati ya sentensi limeandikwa jina la mzee, herufi nyeusi kabisa. Nikalifunika kwa kiganja.

"Nini?" mama akauliza.

"Kuna hitilafu, mama."

Niliona kilichobadilika. Radi ilikuwa imeunguza ruta ya zamani, ile aliyoinunua mume wangu mwenyewe, na kampuni ya intaneti ikaniletea ya kwao. Mashine ilipona kwa sababu nilikuwa nimeichomoa. Nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaweka sauti ya nje. Akapokea kijana mwenye lafudhi ya Dar.

"Mama, hiyo mashine inaitwaje?"

"Siwezi kusema."

"Hulijui jina lake?"

"Ninalijua."

"Basi nitumie kwa ujumbe."

"Na kuandika pia siwezi, kaka yangu."

"Sasa mama, mimi nitakusaidiaje? Ni siri?"

Mama mkwe akaniangalia. "Taja, mwanangu. Mzee amelala kaburini, hatakuuliza."

Nilijaribu kweli. Nilifungua mdomo, pumzi ikatoka bila sauti. Mama akavuta simu kwake na kulitamka jina la mumewe kwa nguvu, kama anamwita kutoka shambani.

"Asante, bibi," kijana akasema, na nikasikia kwamba anajizuia kucheka. "Sasa nieleze. Ruta yenu ya zamani ilikuwa inakumbuka majina ya vitu vya humo nyumbani. Hii yetu haikumbuki. Ukiita jina, inakuja kuuliza huku kwetu, na sisi huku huyo hatumjui."

"Haiwezi kufundishwa?" nikauliza.

"Hizi tunazotoa sisi zimefungwa, mama. Huwezi kubadilisha."

Mama akaitazama ile ruta mpya inavyowaka taa zake. "Kumbe na hiyo nayo ni mkamwana," akasema.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu tuzike, na kicheko kikageuka kikawa kilio, kijana wa Dar akawa anaita, "Mama? Mama, bado upo?"

Nilipotulia akanielekeza kufungua ukurasa wa ruta, penye orodha ya vitu vilivyounganishwa. Mashine ilikuwepo, hai kabisa. "Achana na jina," akasema. "Mbele yake kuna namba. Andika hiyo namba mahali pa jina. Ila umeme ukikatika inaweza kubadilika, itabidi uitafute tena."

Namba niliweza kuiandika. Mashine ikafunguka, nikaiwasha ile rekodi.

Sura ya mume wangu ikajaa kwenye kioo, amekonda, ameegemea mito. "Mugonile, mama," akamsalimia.

"Ndaga, mwanangu," mama akaitika.

Akaongea Kinyakyusa polepole. Alimuuliza mguu. Akamwambia asiuze ile miche ya parachichi. Kisha akasema: najua huwezi kuja, mama, lakini bado ninakungoja. Kila nikisikia pikipiki ninafikiri ni wewe.

Baada ya hapo alikohoa, akanyoosha mkono, picha ikakatika.

Mama alikaa akiangalia kioo kilichokuwa kimeshazima. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Alikuwa anatazama mlangoni?"

Ningeweza kumdanganya, na angenishukuru. Lakini alikuwa ametoka Kisondela na mguu ule ili aambiwe.

"Kitanda kilielekea dirishani," nikasema. "Alikuwa anatazama barabarani."

"Hadi mwisho?"

"Hadi mwisho, mama."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Akaniuliza ni dirisha lipi. Nikamsindikiza chumbani. Akaketi upande wa kitanda aliolalia mwanawe, akaulaza mguu wake mbovu juu ya godoro, akageukia dirishani. Bodaboda ikapita na abiria aliyejifunika nailoni. Mama aliifuata kwa macho mpaka ilipokata kona, kisha akaanza kungoja nyingine.